Unamu wa udongo kwa vidole na chupa: mwongozo kamili kwa mkulima wa Uganda

Kila msimu wa mvua ukikaribia, wakulima wenzangu wa Nakivale, Kyangwali, Luweero na Busia huniletea maswali yaleyale. Mtu amechota udongo wake, kauloweka kidogo, kausugua, kaona unakwaruza, akaandika "kichanga" na kupanda karanga. Wakati wa kung'oa jua limewaka, ardhi imekaza, mashina yanamjia mikononi na karanga zinabaki chini. Mwingine ameletewa karatasi ya maabara yenye neno la Kiingereza "fine", akafurahi kwamba udongo wake ni mzuri. Karatasi haikusema hivyo hata kidogo.

Makosa yapo mawili. La kwanza ni la mkono: mtu anaamini mguso wa kwanza. La pili ni la kusoma: sifa za Kiingereza zinazoeleza udongo zina maana yake mahususi, tofauti na ile tuliyoizoea barabarani. Mwongozo huu unashughulikia yote mawili. Kipimo cha vidole utakimaliza kwa muda mfupi, lakini cha chupa kinataka kusubiriwa siku mbili hadi tatu, kwa hiyo anza mapema, kabla ya mvua za Machi au za Septemba.

## Unachopima hasa

Unamu ni uwiano wa chembe za ukubwa wa aina tatu. Mchanga ni chembe za kuanzia milimita 2 hadi 0.05, jicho linaziona na vidole vinazihisi zikikwaruza. Mchangatope ni kuanzia 0.05 hadi 0.002, chembe moja huioni, na ukilowa huwa laini, unateleza, lakini haunati. Mfinyanzi ni chini ya milimita 0.002. Huo ndio unaonata, unaovutika, na unaobaki kwenye mistari ya kiganja hata baada ya kunawa mara moja. Udongo wenye mchanganyiko wa chembe zote tatu, bila aina moja kutawala kabisa, huitwa tifutifu.

Kitu kikubwa kuliko milimita 2 ni changarawe au jiwe, hakihesabiwi. Rangi nayo haihesabiwi, wala rutuba. Udongo mweusi unaweza kuwa kichanga, na mfinyanzi unaweza kuwa umechoka kabisa. Yaweke haya kando tangu mwanzo, maana ndiyo yanayopotosha macho.

## Vifaa

- Jembe au sepetu, na ndoo safi ya plastiki.
- Chekecheke lenye matundu ya milimita 2. Ukilikosa, ondoa mawe na mizizi kwa mkono. Usitumie chujio la chai, kwani matundu yake ni madogo mno na litakunyima mchanga mkubwa.
- Gazeti au turubai la kuanikia.
- Chupa ndogo ya maji iliyotobolewa kifuniko kwa msumari mwembamba, ili maji yatoke tone kwa tone.
- Chupa au mtungi unaoonyesha ndani, wa karibu lita moja, wenye pande zilizonyooka na kifuniko kisichovuja. Chupa za soda zenye kiuno au mikunjo zitakudanganya kwenye vipimo.
- Sabuni ya unga ya kufulia, kijiko kimoja cha chai kwa kila chupa.
- Rula, kalamu ya wino usiofutika, daftari na simu ya kuangalia saa.

Kama mkono una kidonda, acha kwanza kipone au vaa glavu. Na kwa wale wenye mazoea ya kuutia udongo mdomoni ili kusikia mchanga kwenye meno: msifanye hivyo. Mayai ya minyoo na masalia ya dawa za shambani hayaonekani kwa macho.

## Hatua ya 1: Gawa shamba kabla ya kuchimba

Katika vilima vya Uganda ya kati, shamba moja linaloshuka kutoka kileleni hadi bondeni linaweza kuwa na udongo wa aina nne. Juu kabisa unakuta tabaka jembamba lenye changarawe nyekundu na miamba. Katikati ya mteremko ndipo penye udongo mwekundu wenye kina, ambao wengi wanaulimia ndizi na kahawa. Chini ya mteremko rangi inafifia kuwa ya kijivu na mchanga unaongezeka, kwa sababu maji ya mvua huushusha na kuutandaza hapo. Bondeni, kwenye mafunjo, kuna mfinyanzi au tope jeusi lililojaa majani yaliyooza.

Ukichanganya udongo wa sehemu hizi nne kwenye ndoo moja utapata jibu la shamba ambalo halipo. Tembea shamba lote, tazama rangi inapobadilika, magugu yanapobadilika na maji yanapotuama baada ya mvua. Chora mchoro mdogo kwenye daftari na uipe kila sehemu herufi yake.

Umefaulu ikiwa kila sehemu kwenye mchoro wako inafanana yenyewe kwa yenyewe, kwa rangi na kwa mteremko.

## Hatua ya 2: Chukua sampuli

Kwenye kila sehemu tembea kwa zigizaga na uchimbe mashimo 10 hadi 15 ya sentimita 20. Ondoa majani ya juu, kisha chota kipande chembamba kutoka ukingoni mwa shimo, juu hadi chini, ukitie kwenye ndoo. Kama unakusudia kupanda kahawa au ndizi, mazao yanayokaa miaka mingi, chukua pia sampuli ya pili ya kina cha sentimita 20 hadi 40 na uiweke peke yake, kwa sababu mfinyanzi mara nyingi huongezeka kadiri unavyoshuka.

Ruka vichuguu. Mchwa hupandisha mfinyanzi kutoka chini, ndiyo maana wafyatua matofali wanavipenda, na jembe moja la kichuguu litabadilisha ndoo nzima. Ruka pia zizi la zamani, mahali palipochomwa takataka, ukingo wa barabara na njia ya maji.

Changanya vizuri, kisha bakiza karibu nusu kilo.

## Hatua ya 3: Anika, ponda, chekecha

Anika kivulini mpaka udongo ukauke. Ponda mabonge kwa mkono au kwa mwiko wa mti. Ponda mabonge ya udongo tu, usisage mawe, kwani jiwe likisagika linakuwa mchanga ambao haukuwepo. Chekecha. Kilichobaki juu ya chekecheke kitupe, ila kama ni kingi andika hivyo kwenye daftari, maana changarawe nyingi hupunguza maji ambayo shamba linaweza kutunza.

## Hatua ya 4: Lowesha na kanda, tena kanda sana

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo hatua hii isomwe polepole.

Weka kiganjani udongo wa kutosha kutengeneza tonge linaloenea mkononi. Dondosha maji tone kwa tone huku ukikanda kwa vidole. Lengo ni tonge lenye unyevu kama donge la chapati lililo tayari kusukumwa: linashikamana, linakunjika, na haliachi matope kwenye vidole. Likishikamana na mkono kupita kiasi, ongeza udongo mkavu. Likipasukapasuka, ongeza tone.

Sasa endelea kukanda. Udongo wa kawaida unataka dakika mbili. Udongo mwekundu wa mteremko unaweza kutaka hadi kumi.

Sababu yake ni chuma. Kutu ya chuma ndiyo inayoupa udongo huo wekundu, na kutu hiyohiyo hugandisha chembe za mfinyanzi kuwa vijipunje vigumu vyenye ukubwa wa mchanga. Ukivigusa mara ya kwanza vinakwaruza kabisa kama mchanga wa kweli. Vikilowa vikapenywa na maji, na vidole vikaendelea kuvisaga, vinavunjika kimoja kimoja, na unata uliojificha unajitokeza. Anayeacha kukanda baada ya nusu dakika anapima vijipunje, hapimi udongo.

Kuna udongo mwekundu wa Luweero ninaoutumia kufundishia wenzangu. Baada ya dakika moja unasikika chengachenga, na utepe wake unakatika kwenye sentimita moja na nusu. Mtu yeyote angeuita tifutifu ya kichanga. Kufikia dakika ya tano kiganja kimeanza kuwa chekundu na chengachenga zimepungua. Kufikia dakika ya nane mistari yote ya kiganja imejaa, tonge linang'aa pale kidole gumba kilipolikandamiza, na utepe unafika sentimita nne. Udongo ni uleule. Aliyebadilika ni mkandaji.

Kwa hiyo usihesabu dakika peke yake, sikiliza vidole. Kanda, pima utepe, kanda tena dakika mbili, pima tena. Urefu usipoongezeka tena, umefika. Mchanga wa kweli hauvunjiki: ukikwaruza dakika ya kwanza, utakwaruza hata dakika ya kumi.

Tahadhari: tonge hukauka kwa joto la mkono. Likianza kupasuka wakati unakanda si kwamba limebadilika aina, linataka tone la maji.

## Hatua ya 5: Tonge na utepe

Finya tonge kiganjani kisha fungua mkono. Likivunjikavunjika lote, huo ni mchanga mtupu, na kipimo chako kimeisha.

Likishikamana, liweke kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada. Lisukume kwa gumba kwenda juu, utoke utepe wa unene wa milimita mbili au tatu. Uache uning'inie juu ya kidole mpaka ukatike wenyewe kwa uzito wake. Usiuvute. Pima kipande kilichokatika kwa rula. Rudia mara tatu na uchukue wastani, kwa sababu utepe mmoja unaweza kukatika kwa ajili ya kijiwe kimoja.

- Tonge linafinyika lakini utepe hautoki: mchanga wenye utifutifu kidogo.
- Utepe chini ya sentimita 2.5: kundi la tifutifu.
- Utepe wa sentimita 2.5 hadi 5: tifutifu yenye mfinyanzi.
- Utepe zaidi ya sentimita 5: mfinyanzi.

Umefaulu ikiwa vipimo vyako vitatu havipishani kwa zaidi ya sentimita moja. Vikipishana zaidi, bado hujakanda vya kutosha au unyevu hauko sawa. Rudi hatua ya 4.

Kuna udongo wa aina mbili ambao utepe unasumbua. Wa kwanza ni wa bondeni wenye majani mengi yaliyooza: ni mwepesi, kama sifongo, na utepe unakatika mapema hata kama mfinyanzi umo. Wa pili ni ule wa Kisoro, wa majivu ya volkano chini ya Muhabura. Unateleza mkononi kama wenye mafuta, na chembe zake ni ngumu kutenganisha kwa vidole na hata kwa sabuni. Kwa udongo huo nenda maabara moja kwa moja, na uwaambie umetoka wapi.

## Hatua ya 6: Kiganja chenye maji

Utepe umekwambia kiasi cha mfinyanzi. Bado hujajua kilichobaki ni mchanga au mchangatope.

Kata kipande kidogo cha tonge, kiweke katikati ya kiganja, mimina maji mengi mpaka kiwe uji, kisha sugua kwa kidole cha shahada cha mkono wa pili. Kikikwaruza sana, mchanga ndio mwingi. Kikiteleza laini bila kukwaruza, mchangatope ndio mwingi. Ukisikia vyote viwili kwa kiasi, hakuna kilichozidi.

Unganisha majibu mawili. Utepe wa sentimita nne pamoja na kiganja kinachokwaruza, basi ni tifutifu yenye mfinyanzi na mchanga. Utepe wa sentimita saba na kiganja laini kinachoteleza, basi ni mfinyanzi wenye mchangatope. Andika papo hapo, usisubiri kufika nyumbani.

## Hatua ya 7: Chupa, kwa uhakika wa tarakimu

Jaza chupa udongo uliochekechwa mpaka theluthi moja. Tia kijiko cha sabuni ya unga, kisha maji mpaka robo tatu. Sabuni husaidia kuachanisha chembe za mfinyanzi zisigandamane na kuzama pamoja kabla ya wakati. Tumia maji ya mvua au ya bomba. Maji yenye chumvichumvi ya baadhi ya visima hufanya kinyume, yanaugandisha mfinyanzi.

Funga, tikisa dakika kumi, acha usiku kucha. Asubuhi tikisa tena dakika kumi. Kwa udongo mwekundu usiruke usiku huo wa kuloweka, kwa sababu ileile ya vijipunje.

Weka chupa mahali pasipotikisika, mbali na watoto na kuku. Kisha:

- Baada ya dakika moja, weka alama kwenye kimo cha kilichotua. Huo ni mchanga.
- Baada ya saa mbili, weka alama ya pili. Kilichoongezeka ni mchangatope.
- Baada ya saa 24 hadi 48, weka alama ya tatu. Kilichoongezeka ni mfinyanzi. Vijiti na majani yanayoelea juu usiyahesabu, wala povu.

Kwa mfano kimo chote ni sentimita 8. Mchanga umeishia 4.4, alama ya pili ipo 5.6, ya tatu ipo 8. Mchanga ni 4.4 gawanya kwa 8, zidisha kwa 100, yaani asilimia 55. Mchangatope ni sentimita 1.2, asilimia 15. Mfinyanzi ni sentimita 2.4, asilimia 30. Udongo wenye mfinyanzi kati ya asilimia 20 na 35, mchanga zaidi ya 45 na mchangatope chini ya 28 ni tifutifu yenye mfinyanzi na mchanga.

Umefaulu ikiwa unaona matabaka matatu yanayotofautiana kwa rangi au kwa ukubwa wa chembe. Maji ya juu kubaki na ukungu kidogo si kasoro. Fahamu tu kwamba tabaka la mfinyanzi huwa limevimba kwa maji, kwa hiyo chupa huuzidishia kidogo. Mkono na chupa vikitofautiana kwa daraja moja, ni kawaida. Vikitofautiana kwa madaraja mawili, anza na kurudia kukanda.

## Hatua ya 8: Kusoma karatasi ya maabara

Sampuli ya nusu kilo unaweza kuipeleka kwenye maabara za taifa za utafiti wa kilimo zilizoko Kawanda, au maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Makerere. Andika kwenye mfuko herufi ya sehemu, kina, tarehe na zao lililotangulia. Majibu yatakuja kwa Kiingereza, na hapa ndipo neno moja linaweza kuharibu kazi yote.

Soma jina kuanzia mwisho. Kiingereza hutanguliza sifa na kuchelewesha jina. Katika "sandy loam" jina ni "loam", tifutifu, na sifa yake ni mchanga mwingi. Katika "loamy sand" jina ni "sand": huo ni mchanga, wenye utifutifu kidogo tu, na mchanga ndani yake ni asilimia 70 hadi 90. Majina haya mawili yanachanganywa kuliko yote, na tofauti yake shambani inaonekana wiki mbili tu mvua ikikatika, "sandy loam" ukiwa bado una unyevu na "loamy sand" umekauka. "Sandy clay loam" nayo ni tifutifu, licha ya mchanga na mfinyanzi kutajwa mwanzoni. Huo ndio udongo wa mfano wetu wa chupa.

"Fine" hapa si "mzuri". Tumezoea kumjibu mtu "I'm fine", nzuri, salama. Kwenye udongo neno hilo linaeleza ukubwa wa chembe peke yake: ni ndogo sana. "Fine-textured soil" ni udongo wa mfinyanzi mwingi. Hausifiwi wala haulaumiwi. Kinyume chake ni "coarse", chembe kubwa, yaani udongo wa mchanga. Usiutafsiri kuwa mbaya, kwani karanga za Soroti zinastawi humo.

Angalia pia neno linalofuata. "Fine sand" bado ni mchanga, ila wa chembe ndogo, milimita 0.1 hadi 0.25. Sifa imeshuka kwenye mchanga peke yake, haijaugeuza kuwa mfinyanzi. Na ukimwandikia afisa kilimo, andika "fine-textured soil" kwa ukamilifu. Ukiandika "fine soil" anaweza kudhani unazungumzia kitalu kilicholainishwa kwa jembe, au kwamba unausifu.

"Heavy" na "light" hazihusu kilo. Udongo mzito ni ule unaolemea jembe, yaani mfinyanzi. Ukiujaza mchanga mkavu kwenye ndoo, ndoo hiyo kwa kawaida ndiyo yenye kilo nyingi zaidi, lakini bado utaitwa mwepesi.

"Gritty" ni ile chengachenga uliyoisikia kiganjani kwenye hatua ya 6. Ukiliona kwenye fomu ya shambani, weka alama hapo baada ya kukanda, kamwe si kabla.

## Hatua ya 9: Kulitumia jibu

Mchanga, na tifutifu ya kichanga. Karanga, mihogo, viazi vitamu na ufuta vinaingia vizuri na kung'oka vizuri, kama wanavyojua watu wa Teso. Maji na naitrojeni havikai. Urea igawe mara mbili au tatu, usiimwage yote siku moja, la sivyo mvua kubwa itaishusha chini ya mizizi. Samadi na matandazo hapa si nyongeza ya hiari, ndiyo yanayotunza unyevu.

Tifutifu inapokea karibu kila kitu. Ilinde na mmomonyoko, basi.

Mfinyanzi mwekundu wa mteremko. Huu unastahili maelezo zaidi kwa sababu tabia zake ni mbili. Ingawa una mfinyanzi mwingi, vile vijipunje vinavyodanganya vidole ndivyo vinavyopitisha maji, kwa hiyo hautuamishi kama mfinyanzi wa bondeni. Ndizi, kahawa, mahindi na maharagwe vinaufaa. Karanga zinaota, ila zing'oe ardhi ikiwa bado na unyevu. Kutu ya chuma hushika fosforasi na kuinyima mimea, hivyo mbolea ya DAP au TSP usiirushe juu ya shamba zima. Itie kwenye shimo au mfereji wa mbegu, weka udongo kidogo katikati ili isiiguse mbegu, kisha fukia. Samadi iliyooza ikiwekwa kwenye shimo hilohilo inasaidia.

Mfinyanzi mweusi unaopasuka, kama wa nyanda za Karamoja, una nyufa kubwa kiangazi na unanata vibaya mvua ikinyesha. Siku za kuulima ni chache: ukiwa mbichi unageuka mabonge, ukikauka jembe linaruka. Tengeneza matuta. Kahawa usiiweke mahali maji yanapotuama, mizizi itakosa hewa. Kama sehemu yako imeangukia bondeni penye mafunjo, pita kwanza ofisi ya mazingira ya wilaya. Maeneo hayo yanalindwa na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019, hata kama udongo wake unaufaa mpunga.

Nawasihi msimwage mchanga kwenye mfinyanzi kwa nia ya kuulainisha. Inahitajika mchanga wa malori mengi mno ili unamu ubadilike, na mchanga kidogo unaweza kuufanya mfinyanzi ukaze zaidi ukikauka. Samadi, mboji na mabaki ya mazao hayabadilishi unamu, lakini yanaboresha mpangilio wa chembe, na huo ndio mizizi inaouhisi.

Hifadhi daftari. Unamu hautabadilika msimu ujao, wala miaka kumi ijayo, kwa kulima na kutia mbolea. Kitakachoubadilisha ni mmomonyoko ukikwangua tabaka la juu, au mafuriko yakileta tope jipya. Likitokea mojawapo, pima upya sehemu iliyoguswa tu, kuanzia hatua ya 2.